Kumbukumbu ya mradi: mashine ya kufulia iliyokuwa ikihama ukutani

Jumamosi ya kwanza

Mashine hii ya kilo 7, ya mlango wa mbele, niliinunua ikiwa imetumika kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama hapa Dar es Salaam. Ilifua vizuri kwa miezi mitatu, kisha ikaanza kutikisika wakati wa kukamua, kiasi cha kusogea yenyewe kutoka ukutani hadi mpira wa maji ukavutika. Kabla ya kushika spana nilichukua chaki nikaizungushia miguu yake minne pale sakafuni, nikafua mashuka, na ilipomaliza nikapima kwa futi: ilikuwa imesogea sentimita 14. Niliamua kwamba kila jaribio litaanza kwa chaki, kwa sababu kusema tu kwamba mtikisiko umepungua hakunisaidii kujua umepungua kwa kiasi gani.

Nyuma ya mashine kuna matundu manne ya bolti za usafirishaji, ambazo hulibana pipa lisicheze njiani, na zikisahaulika kutolewa mashine hurukaruka tangu siku ya kwanza. Yote yalikuwa yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, kwa hiyo niliachana nayo.

Shaka yangu kubwa ilikuwa sakafu, kwa kuwa ua wetu umesakafiwa kwa mteremko ili maji yakimbilie mtaroni. Pima maji ilionyesha kuwa upande wa mbele kulia uko chini, na nilipoikandamiza mashine kwenye pembe mbili zinazokabiliana, mguu mmoja ulinyanyuka. Niliurefusha mguu huo mpaka mashine ikakaa imara, kisha nikakaza nati ya kuufungia, maana bila nati hiyo mguu hulegea tena baada ya mafuo machache. Jaribio la pili lilitoa sentimita 9, nami nikajipongeza mapema mno.

Jumapili

Leo nilishughulikia mzigo wenyewe. Taulo zito likijikunja upande mmoja likabaki na nusu kilo ya ziada, uzito huo si mdogo tena pipa linapozunguka mara 1,000 kwa dakika. Nilikokotoa kwa nusu kipenyo cha sentimita 24 nikapata nguvu ya takriban nyutoni 1,300, sawa na uzito wa kilo zaidi ya 130 unaolivuta pipa upande huu na ule, tena zaidi ya mara kumi na sita kwa sekunde. Nilifua kanga na mashati mepesi niliyoyapanga vizuri, lakini mashine ilisogea sentimita 7. Mzigo ulikuwa unachangia tu.

Jumamosi ya pili

Nilimpigia simu fundi mzee wa mtaani kwetu, ambaye tangu asubuhi nilikuwa nikiona haya kumsumbua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mashine inatikisika ikianza kukimbia, au ikishakimbia?"

"Ikianza, mzee. Ikishakolea inatulia kidogo."

"Basi beringi ziache. Bonyeza pipa uliachie, uhesabu linacheza mara ngapi."

Swali lake lilikuwa na maana kuliko vipimo vyangu vyote. Pipa hutundikwa kwa springi kwa juu, na kila kitu kilichotundikwa kwa springi kina mdundo wake wa asili; kasi ya pipa inapopita kwenye mdundo huo, mtikisiko hukua maradufu, na kinachouzuia ni shokapu zilizo chini. Kasi ikishavuka hapo, pipa hutulia lenyewe. Beringi mbovu dalili yake ni nyingine: huvuma, na mvumo huongezeka kadiri kasi inavyopanda.

Nilichomoa umeme, nikafunga maji, nikafungua skrubu mbili za nyuma na kuvuta mfuniko wa juu. Bolti za jiwe la zege, lile linalolipa pipa uzito, zilikuwa zimekaza. Nilibonyeza pipa na kuliachia: lilipanda na kushuka mara tano, ilhali lilipaswa kurudi na kutulia mara moja. Niliilaza mashine chali juu ya godoro kuukuu, nikazitoa shokapu zote mbili. Moja ilikuwa bado inashikilia ukiivuta. Nyingine iliteleza bila ukinzani wowote, kama bomba la baiskeli lililokufa wosha, na sponji yake ya ndani ilikuwa imesagika na kubaki ungaunga mweusi wa grisi.

Jumatatu

Nilikwenda Kariakoo na shokapu ya zamani mkononi, na ilinisaidia, kwani muuzaji hakujali jina la mashine bali alipima urefu na tundu la pini. Nilinunua mbili ingawa iliyokufa ni moja, maana mpya na iliyochakaa hazishiki kwa nguvu sawa. Kuzifunga kulinichukua dakika 20, ambazo nyingi ziliishia kwenye pini moja ya plastiki iliyogoma kuingia.

Pipa sasa linarudi mara moja na kutulia. Nilichora chaki, nikafua mashuka yaleyale ya siku ya kwanza, nikaweka glasi ya maji juu ya mashine wakati wa kukamua. Maji yalitetemeka usoni bila kumwagika, na miguu yote minne ilibaki ndani ya duara zake. Kazi iliyosalia ni nati ya mguu wa nyuma kushoto, ambayo imeshika kutu na haigeuki. Nimeipaka mafuta, nitaijaribu tena Jumamosi.