Vipimo vya ini vilininyima usingizi, kumbe ni misuli

Aliyeniambia nifunge bila kugusa hata maji kabla ya vipimo vya damu alinipotosha, na hasira haijaniisha. Kufunga kwa ajili ya kipimo cha sukari au mafuta ni kuacha chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12, lakini maji matupu unakunywa. Mimi nilikwenda koo limekauka, mshipa ukagoma kuonekana, nikachomwa mara tatu. Tena jioni iliyotangulia nilikuwa nimenyanyua vyuma hadi mikono ikatetemeka.

Majibu ya sukari ya miezi mitatu yalikuwa asilimia 5.4. Hapo nilipumua, maana kuanzia 5.7 unaanza kuukaribia ugonjwa, na ikifika 6.5 hicho ni kisukari. Mafuta nayo hayakuwa na neno. Lakini vimeng'enya viwili vinavyopimwa kuangalia ini vilikuwa juu: AST ilisoma 112 na ALT 71, wakati karatasi ilitaka zisizidi 40! Kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huichuja, ilikuwa juu, 118, na uwezo wa figo kuchuja ukakadiriwa kuwa 69. Usiku ule nilijiona mtu wa ini bovu na figo mbovu. Rafiki yangu wa mazoezi akaniletea chupa ya kusafishia ini. Nashukuru sikuionja, kwa sababu baadhi ya dawa za mitishamba ndizo zinazoliumiza ini lenyewe.

Daktari aliisoma karatasi taratibu, akaniuliza, "Kabla ya kutoa damu ulifanya kazi gani nzito?" Nikamweleza habari za vyuma. Akaweka kidole kwenye mistari ambayo mimi niliiruka: GGT na bilirubini, vipimo vingine vya ini, zilikuwa sawa kabisa. Akasema AST haikai kwenye ini peke yake, imo kwa wingi kwenye misuli, na ALT imo pia kidogo. Misuli ikiumia kwa mazoezi, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia kwenye damu, na vinaweza kubaki juu kwa wiki nzima.

Kisha akafanya jambo ninalolisimulia kila nipatapo nafasi. Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati kungoja sindano, yeye akainua simu. Maabara walikuwa bado wameihifadhi damu yangu! Akawaomba waongeze CK, kimeng'enya cha misuli, kwenye damu ileile. Ikasoma 2,400, na kikomo chake ni kama 200 hivi. Kwa hiyo ukitakiwa kipimo cha nyongeza, uliza kwanza kama damu ya mwanzo bado ipo.

Nikakaa siku kumi bila vyuma, nikanywa maji kama kawaida, nikarudia. AST 27, ALT 24, kreatinini 86. Nililia pale pale kwenye benchi.

Lakini mkojo ukiwa wa kahawia baada ya mazoezi makali, au macho yakigeuka manjano, usingoje siku kumi kama mimi. Nenda siku hiyohiyo.

Siku hizi nyuma ya kila karatasi ya majibu naandika nilikula lini, nilikunywa maji kiasi gani, mazoezi ya mwisho yalikuwa siku gani na dawa ninazotumia. Mara ya mwisho daktari aliigeuza karatasi na kuanza kusoma huko nyuma kwanza.