Usiku ule betri ya kinyozi iliisha

Watu wakianza stori za ulikuwa wapi siku Sammy Wanjiru alishinda marathon ya Beijing, wengi husema walikuwa wamelala, juu hapa kwetu ilianza saa nane na nusu usiku, ule wa kuamkia Jumapili tarehe 24 Agosti 2008. Mimi nilikuwa nimesimama kwa matope nje ya kibanda cha kinyozi pale Eldoret showground, iliyokuwa kempi yetu sisi tuliofukuzwa makwetu, nimejifunika blanketi ya msaada, na mamangu alikuwa mbele yangu amekalia debe. Nilikuwa na miaka 17. Tulikuwa tumekaa kwa tenti karibu miezi nane.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Sisi tulikuwa na ekari mbili upande wa Turbo, mahindi, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku. Jirani wetu wa ng'ambo ya ua alikuwa mama mmoja Mnandi, mtu mzima, sote tulikuwa tunamwita Kogo kama wajukuu wake walivyomwita. Yeye na mama walikuwa wanapeleka maziwa pamoja, wanakopeshana chumvi, ndo aliyemfundisha mama kutengeneza mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwa kibuyu, ingawa mama hakuwahi kuipenda. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, haikuchukua hata saa mbili vita vya kikabila vikaanza, tukaanza kuona moshi. Kogo alituficha nyuma ya boma la ng'ombe wake mpaka alfajiri, mimi, mama na dada zangu wawili, tumelala kwa mbolea. Hio sitawahi kusahau. Lakini kuna kitu kingine ambacho mama aliniambia tukiwa tayari kwa barabara tunatembea: kupitia nafasi ya mbao alikuwa ameona kijana mmoja wa Kogo kwa lile kundi lililokuja kwetu. Hakubeba kitu, alisema. Alikuwa tu amesimama nao.

Sasa mtu kama huyo unamshukuru vipi? Mamake amekuokoa na mtoto wake amesimama na wale. Kogo alianza kupiga simu Januari hio hio na mama hakushika hata mara moja. Simu inalia, anaangalia jina, anairudisha kwa leso. Hakuizima wala hakufuta namba. Aliiacha ilie.

Na tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa likachomwa na watu wakiwa ndani, akina mama na watoto waliokuwa wamekimbilia hapo, mmoja wao rafiki ya mama wa chama. Tangu hio siku mama hakuingia kanisani. Hakusema amemwacha Mungu, hapana, alikuwa anaomba usiku nikimsikia, lakini kuingia mahali penye mlango mmoja na kukaa ndani na watu wengi, hio aliisha nayo. Pale showground kulikuwa na tenti kubwa ya ibada kila Jumapili na yeye alikuwa anaosha nguo wakati huo, kwa makusudi, nguo zikiwa chafu ama safi.

Maisha ya kempi sitayaeleza sana, wengi mmeyaona kwa TV. Eldoret mwezi wa nane ni mvua na baridi, matope mpaka ndani ya tenti, githeri, githeri, uji. Mwezi wa Mei serikali ilikuwa imeanza Operesheni Rudi Nyumbani, familia inapewa elfu kumi ianze upya, wengi wakaenda. Jina letu halikuwa kwa list. Mama alienda kuuliza mara nne, mara ya tano akasema heri anunue sukuma wiki auze pale kwa geti, na hivo ndo tulikuwa tunaishi.

Kinyozi alikuwa na TV ndogo ya Greatwall, black and white, anaiwasha na ile betri ya gari anayonyolea nayo. Olimpiki ilipoanza akaanza kuitisha bob kumi kwa kichwa. Jumatatu ya tarehe 18, jioni jioni, tulijaa pale kuona fainali ya mita 800 ya wasichana. Pamela Jelimo, miaka 18, msichana wa Nandi, kabila la Kogo, aliwaacha wote kama wamesimama, na wa pili pia akawa wetu, Janeth Jepkosgei. Hakuna mwanamke Mkenya alikuwa amewahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki kabla ya hapo. Na kibanda kizima kikanyamaza. Watu kama arobaini, kimya, mpaka mzee mmoja aliyechomewa duka huko Langas akauliza kwa sauti, "Sasa hii tunashangilia ama hatushangilii?"

Tulicheka mpaka mwingine akaanguka kwa benchi. Halafu tukapiga makofi, lakini yale ya mkutano wa shule, unajua hayo. Nikiwa natembea kurudi kwa tenti nilikuwa na aibu na sikujua ni aibu ya kushangilia ama ya kutoshangilia. Na hata sikuwa nimefikiria upande ule mwingine, kwamba hao wakimbiaji nao walikuwa wamezika. Lucas Sang, aliyetukimbilia Seoul mwaka wa 1988, aliuawa hapo hapo Eldoret tarehe 31 Desemba. Luke Kibet, bingwa wa dunia wa marathon wa 2007, alipigwa jiwe la kichwa siku hio hio, na bado akaenda Beijing.

Jumamosi tarehe 23 ikawa sherehe, Nancy Langat dhahabu ya 1500, Wilfred Bungei dhahabu ya 800, na hapo makofi yalikuwa makofi kweli. Kinyozi akatangaza kwamba usiku atafungua, ya marathon ni bob ishirini juu ni overtime. Tukamtukana na tukalipa. Kulala hata hivyo nani alikuwa analala? Tangu Desemba mtu akikohoa tenti ya tatu wewe umeshaamka. Mama akaniambia anakuja, nikashangaa, akasema ni baridi tu imemtoa.

Kwa miaka yote Kenya haikuwa imewahi kushinda marathon ya Olimpiki. Fedha tulikuwa nazo, dhahabu hapana. Na ile siku walianza kwa kasi ya wazimu, watu wakisema kwa hio joto ya Beijing watazimia, na huyu kijana wa Nyahururu, miaka 21, ndo alikuwa anawavuta. Kinyozi anatafsiri kila kitu kana kwamba sisi ni vipofu. Tulipofika kama kilomita ya 37, Wanjiru bado ana Gharib wa Moroko karibu, betri ikaanza kwisha. Mliotumia hizo TV mnajua, picha inajikunja kutoka pande zote, inabaki ka kadi, inabaki ka stempu, halafu giza.

Siwezi andika hapa maneno kinyozi aliambiwa.

Kwa hio giza na kelele simu ya mama ikalia. Watu wakanyamaza haraka sana, juu simu ya saa kumi usiku mwaka huo ilikuwa na maana moja tu. Nikaona uso wake na ile taa ya simu yake ya mulika mwizi, anaangalia jina. Nilijua ni nani. Ililia, ililia, na mzee wa Langas akasema, "Mama, shika, labda ni mtu anaumwa." Akashika.

Hakusema hello. Alisikiliza tu. Mimi nilikuwa karibu nikasikia Kogo anapiga kelele, ile Kiswahili yake ya haraka, "Jirani! Jirani, mnaona? Mnaona kijana yetu?" Mama akasema, polepole, "Stima imeisha." Maneno ya kwanza kwake kwa miezi nane, na hata hayakuwa kweli, ilikuwa betri.

Basi Kogo akaanza kumwelezea. Yeye alikuwa ameamka kuona Martin Lel, mtu wa kwao, ndo alikuwa fevareti wa nyumba yao yote, na Lel alikuwa ameachwa nyuma. Na simu haikuwa na loudspeaker kwa hio mama ikabidi arudie. Mwanzoni alikuwa ananong'oneza kama mtu anasoma barua ya mwingine. "Anasema amemwacha Mmoroko." Watu, heee! "Anasema ako peke yake. Hakuna mtu nyuma, anasema hata haonekani." Sauti ikapanda. "Anasema Lel amebaki mbali lakini haidhuru." "Anaingia kwa uwanja. Ameingia kwa uwanja! Anapungia watu mkono!" Mama yangu alikuwa amesimama juu ya debe sahi, leso imeanguka kwa matope, analia na kutangaza, na watu thelathini na kitu gizani wanamsikiliza mwanamke ambaye wengi wao hawakuwa wamewahi kumsikia akiongea.

Halafu kukawa na vigelegele ndani ya simu, hata mimi nikasikia, na watoto wa huko wanapiga kelele, na Kogo akasema kitu mara mbili tatu. Mama alingoja kidogo kabla ya kurudia, nilimwona akimeza mate.

"Anasema tumeshinda."

Saa 2:06:32, rekodi mpya ya Olimpiki, hio tulijua kesho yake. Kile nakumbuka ni watu kukumbatiana na blanketi zao, mtu anaimba, mtu mwingine anapiga magoti pale pale kwa matope akishukuru Mungu. Mama akaenda kando na simu. Niliskia akiuliza, "Na ng'ombe?"

Ng'ombe alikuwa sawa. Kogo alikuwa amemkamua miezi yote na pesa ya maziwa ameweka kwa mkebe, na Jumatano alifika kwa geti la showground na basi, na huo mkebe, na kibuyu cha mursik. Mama alihesabu pesa mbele yake, akatoa ya lishe ya ng'ombe akamrudishia. Wakakaa pale kwa sukuma wiki wakiongea mambo ya mvua. Mama hakuuliza kuhusu yule kijana na Kogo hakusema. Nijuavyo mimi, hawajawahi.

Asubuhi ya ile Jumapili mama hakufua nguo. Alisimama nje ya tenti ya ibada, ameshika kamba, mpaka mwisho. Na saa tisa mchana, kinyozi akiwa amechaji betri kwa aibu, walimpa Wanjiru medali kwa sherehe ya kufunga na wakapiga wimbo wa taifa. Huo wimbo ukiusikiliza vizuri ni maombi, mimi nilikuwa nauimba shuleni kila Jumatatu bila kugundua. Mama aliuimba wote na macho amefunga. Kanisani sasa huenda, huku Nyandarua tulikohamia, lakini anakaa benchi ya mwisho karibu na mlango, na usimuulize.

Shamba la Turbo tuliliuza. Wanjiru alifariki Mei 2011, kule Nyahururu, miaka 24 tu. Simu ilikuja asubuhi mapema kabla hata hatujafungua redio, na mama aliishika kabla haijalia mara ya pili. Waliongea mpaka kredo ya Kogo ikaisha, halafu mama akampigia.