Kabla hujakata springi za nyuma za Vitz

Vitz ya 2005 hadi 2010 ni rahisi kushusha nyuma, maana springi imekaa peke yake kati ya ekseli na bodi, mbali na shokapu. Zuia magurudumu ya mbele kwa kabari, bodi ikae juu ya stendi mbili imara, jeki ishike ekseli. Fungua boliti za chini za shokapu zote mbili, kisha shusha ekseli taratibu huku ukiangalia mipira ya breki isivutike. Springi inatoka kwa mkono.

Shida ni kujua ukate kiasi gani. Gari likiwa limekanyaga chini, pima kutoka katikati ya nondo ya springi hadi katikati ya nondo ya mzunguko unaofuata. Ukikata mzunguko mzima, springi itapungua kiasi hicho hicho, kwa sababu mizunguko iliyobaki inabeba uzito uleule na kila mmoja unabonyea kama zamani. Ila ugumu unapanda: kama mizunguko inayocheza (inayobonyea) ni 6 ukakata 1, springi inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Anza na nusu mzunguko, rudisha, sukuma gari mbele na nyuma likae sawa, ndipo upime. Ulichokata hakirudi.

Angalia ncha kwanza. Ncha iliyojikunja kwa ndani ikawa kiduara kidogo haikatwi, maana ncha mpya haitakaa kwenye kikombe chake, yaani kikalio cha springi. Kata upande wenye ncha iliyo wazi, na wakati wa kurudisha izungushe mpaka ncha mpya iguse kizuizi cha kikombe.

Tafadhali, usikate kwa gesi. Moto unalainisha chuma, springi inalala baada ya muda mfupi au inavunjika. Tumia grenda na diski ya milimita 1, kata kidogo kidogo ukipumzika, wala usimwagie maji: chuma cha moto kikipozwa ghafla kinakuwa kikavu na kupata nyufa. Piga rangi pale ulipokata.

Kabla ya kufunga tairi kuna kipimo kimoja cha lazima. Funga shokapu, acha ekseli ining'inie mwisho wake, kisha shika springi uitikise. Ikicheza au ukiweza kuizungusha kwa vidole, ni fupi mno. Siku gari likiruka tuta, itachomoka kwenye kikombe na kurudi imelala upande. Hapo dawa ni shokapu fupi.

Kwa kweli kubadilisha ni bora kuliko kukata. Springi za kushushia zimetengenezwa fupi na ugumu wake umepangwa tangu mwanzo. Ukichukua za gari lingine, linganisha kipenyo, ncha na unene wa nondo. Unene ndio unaodanganya watu: nondo ya milimita 12 badala ya 11, mengine yakiwa sawa, huongeza ugumu kwa takriban asilimia 40.

Raba ya kizuizi, ile inayozuia ekseli isigonge bodi, usiitoe. Ipunguze kidogo tu, maana wakikaa abiria watatu nyuma ekseli itaifikia upesi. Boliti za bushi (raba za kwenye maungio) ulizolegeza zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo bushi inabaki imejipinda na kuchanika. Nati za tairi zikazwe kwa 103 Nm. Mwisho rekebisha taa za mbele, kwa sababu nyuma ikishuka zinawamulika wanaokuja usoni.