Risiti za duka la dawa nilizompelekea mbunge

Mwanangu wa pili ana mzio wa karanga. Si ule wa kuwashwa ngozi ukapita. Ni ule unaovimbisha koo na kushusha presha ya damu, na dawa yake, adrenalini, ikichelewa unaua. Ndiyo maana hatoki bila ile sindano yenye umbo la kalamu, inayokandamizwa upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali. Huuzwa mbili mbili, kwa kuwa kuna wakati dozi ya kwanza haitoshi. Hapa Moline, Illinois, tunakoishi, tunaweka pakiti moja shuleni na nyingine nyumbani. Baada ya mwaka au mwaka na nusu muda wake huisha, zinatupwa, tunanunua upya.

Adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani na ni rahisi. Kwetu Mombasa muuguzi huivuta kutoka kichupa cha kioo kwa bomba la kawaida. Kinachouzwa ghali Marekani ni kile kifaa. Kampuni ya dawa ya Mylan ilipoichukua EpiPen, sindano maarufu ya aina hiyo, mwaka 2007, pakiti ilikuwa kama dola 100. Kufika 2016 ilikuwa imepita dola 600, mpaka mkuu wa kampuni, Heather Bresch, akaitwa mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington kujieleza. Tangu hapo zimeingia nyingine za bei pungufu kidogo. Lakini kwa familia ambayo bima yake haigusi kitu mpaka wenyewe mtoe maelfu ya dola kwanza, bei ya kaunta ndiyo bei yenu. Nimewaona wazazi wakiirudisha dawa kaunta, na wengine wakibaki na sindano iliyokwisha muda wakiomba Mungu isihitajike. Mzazi hapaswi kuwekwa mahali hapo.

Mapema 2023 mama mmoja tuliyekutana kliniki aliniambia kuna muswada Springfield, makao makuu ya jimbo, wenye namba HB 3639, unaotaka bima zilizo chini ya sheria za jimbo zisimtoze mgonjwa zaidi ya dola 60 kwa pakiti ya sindano mbili. Nikapiga simu ofisi ya mbunge wetu wa jimbo. Msaidizi aliyepokea hakunihadithia siasa. Aliniuliza mambo matatu: ulilipa kiasi gani, lini, na bima yenu ni ya aina gani?

Usiku ule nilikusanya risiti zetu zote za duka la dawa, nikazipanga kwa tarehe na kuzipiga picha. Barua yangu haikuzidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilieleza mtoto, ya pili ikaeleza fedha: kilicholipwa, kilichoahirishwa ili kilipwe, na kodi ya nyumba iliyochelewa mwezi huo. Mbunge husikia maombi mchana kutwa. Risiti yenye tarehe na kiasi anaweza kusimama nayo mbele ya wenzake akaisoma, na hilo ndilo nililolitaka.

Kisha nikajifunza kwamba Illinois mwananchi yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti ya Bunge la jimbo kabla ya kikao cha kamati, akajaza fomu fupi kusema anaunga mkono muswada au anaupinga. Hulazimiki kusafiri hadi Springfield. Niliandika maelezo yake kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, nikayatuma kwenye kundi letu la WhatsApp, ambalo wengi wake ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaoishi Moline na Rock Island. Jirani yangu, mama kutoka Uvira ambaye mwanawe ana mzio wa maziwa, alinipigia akinong'ona: "Dada, jina yangu ikifika kwa serikali, haitaniletea shida?"

Nilimjibu kwa ukweli wote nilioujua. Kumwandikia mbunge hakuhitaji uraia, wala hutoi maoni kama mpiga kura. Ila jina kwenye fomu ile linaonekana na watu. Akafikiri siku kadhaa, akaijaza. Wengine waliogopa na sikuwabana, maana kila mtu anajua makaratasi yake yamekaaje.

Muswada ukapita na Gavana J.B. Pritzker akautia saini mwaka huohuo. Ulianza kutumika Januari 1, 2025.

Lakini lile swali la tatu la msaidizi ndilo lililobeba uzito mkubwa. Nilipofuatilia kiwandani anakofanya kazi mume wangu, niliambiwa kadi ina jina la kampuni ya bima, ila anayelipa matibabu kutoka mfukoni mwake ni mwajiri. Mipango ya namna hiyo iko chini ya sheria ya taifa ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, na sheria za bima za jimbo haziigusi. Yaani sheria niliyoipigania haikufika mlangoni kwetu. Nililia, nakiri. Ila sikuacha, kwa sababu ilikuwa inamfikia mama wa Uvira. Sasa hivi kwake ni dola 60, na pakiti ya shule hanunui tena kwa kukopa.

Aliye Illinois na ana mgonjwa wa mzio aulize kazini swali hilo kabla ya jambo jingine: anayelipa ni kampuni ya bima au mwajiri? Kama ni kampuni ya bima na mpango uko chini ya jimbo, taja kikomo cha dola 60 pale kaunta. Kama ni mwajiri, tuko pamoja, na barua zetu zinakwenda Washington. Nimeshawaandikia maseneta wetu wawili na mbunge wetu wa Kongresi. Yaliyorudi ni majibu ya jumla ya kunishukuru. Mwezi huu natuma tena, na safari hii nimeambatanisha risiti za familia nyingine za kiwandani walioniruhusu, majina yakiwa yamefutwa.