Kutoka Kisumu kwa Baiskeli: Kuwafuata Wabeba Mizigo

Niliporejea Kisumu baada ya miaka mingi ya kuishi Münster, Ujerumani, jamaa zangu walitarajia kwamba ningelalamikia joto au umeme unaopotea. Kilichonishughulisha zaidi kilikuwa namna ya kutoka mjini kwa baiskeli bila kusukumwa kando ya barabara na matatu. Kule Münster, pale ukuta wa kale wa mji uliposimama pana njia yenye miti, urefu wa kilomita nne na nusu hivi, inayouzunguka mji wa zamani na isiyoruhusu magari; ukitoka hapo, vibao hukuongoza hadi mashambani. Kisumu haina vibao vya namna hiyo, lakini njia zilizotulia zipo, na wanaozijua ni wale ambao baiskeli ndiyo kazi yao.

Nilipoondoka, baiskeli za abiria bado zilijaa mtaa wa Kondele. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu wakati huo pikipiki zimetwaa karibu kazi yote ya kubeba watu. Baiskeli zilizosalia ni za mizigo: maziwa, makaa, kuni, miwa. Mtu anayebeba madumu mawili ya maziwa kwa baiskeli isiyo na gia hawezi kushindana na lori mlimani, wala hawezi kuruka pembeni ghafla dereva anapompigia honi. Kwa hiyo amekwisha kutafuta, kwa miguu yake mwenyewe, njia yenye mwinuko mdogo na magari machache.

Hilo nililielewa kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye, siku nilipotaka kwenda Seme, magharibi mwa mji. Nilimwuliza: "Mzee, nipitie wapi niende upande wa Seme bila kukutana na malori?" Hakuinua macho kutoka kwenye spoki alizokuwa akizikaza. "Kijana wangu, ngoja huyu wa maziwa nimmalizie gurudumu, kisha umfuate. Yeye mlima wa Riat hapandi hata ukimlipa."

Baiskeli ya mteja huyo ilistahili kutazamwa. Karia yake ilikuwa imeongezewa nondo mbili zilizochomelewa, juu yake gunia lililokunjwa mara nne, na madumu yalifungwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, ikavutwa hadi ikawa nyembamba kama utepe. Nilimfuata kwa umbali wa heshima. Kila alipofika kwenye kalvati alishuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, akavuka, kisha akapanda tena bila kukatiza mwendo. Mahali alipoiacha lami, sikuona njia yoyote mpaka nilipoifikia.

Mengi ya njia hizo za magharibi yanaeleweka ukiikumbuka reli ya Butere, inayopita Kisian na Maseno. Maseno iko mita mia tatu na zaidi juu ya Ziwa Viktoria, na treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo reli ilijengwa ikizunguka miteremko polepole. Barabara za murramu zinazoikatiza na kwenda sambamba nayo hunufaika na mwinuko huohuo. Sishauri mtu aendeshe kwenye tuta la reli lenyewe, maana treni zimerudi. Inatosha kuiweka reli upande mmoja na kufuata vijia vya vijijini hadi Maseno, ambako utavuka ikweta. Anayependa safari ya tambarare zaidi ashike upande wa Seme hadi Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana, kilomita thelathini hivi kutoka mjini.

Kuna sababu nyingine ya kuelekea magharibi, nayo ni upepo. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana, nchi ikishapata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani. Anayeondoka mapema kwenda Seme husukumwa wakati wa kwenda, na akirudi alasiri husukumwa tena. Anayekwenda mashariki, kwenye uwanda wa Kano, hupata kinyume chake mara mbili. Hilo halinizuii kwenda Kano, kwa kuwa mashamba ya mpunga ya Ahero yana utulivu ambao sijauona kwingine, ila hurudi kabla jua halijawa kali. Wakati wa masika siendi kabisa: udongo mweusi wa Kano hunasa kwenye magurudumu na kujaa chini ya madigadi mpaka baiskeli inabebwa badala ya kubeba.

Dunga, ufukwe wa ziwa ulio pembeni mwa mji, ni karibu mno kuitwa safari, ingawa kwa mtu anayeanza, asubuhi moja kando ya mafunjo na ndege wake inatosha kabisa.

Sehemu ambayo bado haijapata dawa ni barabara ya Busia, kutoka mjini kupita uwanja wa ndege hadi Kisian. Wabeba maziwa wenyewe hulazimika kuipitia kwa vipande, na hapo ndipo malori ya kuelekea mpakani yanapoongeza mwendo. Mimi huipita Jumapili, kabla ya saa moja asubuhi, nikiwa nimevaa fulana ya kung'aa. Siku nyingine huipakia baiskeli kwenye tuktuk hadi Kisian, jambo ambalo binamu zangu hulicheka sana, kwa kuwa kwao hakuna maana ya kulipa nauli ili uende kuendesha baiskeli.