Oda ya Meza za Mgahawa

Mwaka 2019 nilikuwa nasimamia ubora katika karakana moja ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Tukapata oda ya meza 12 za mgahawa wa Buguruni. Karatasi ilisema: mninga, urefu sentimita 120, upana 70, kimo 75, vanishi ya kung'aa. Kabla ya kukabidhi, meza zote zilipimwa. Hakuna iliyozidi wala kupungua kwa zaidi ya milimita 2, na viungo vilikuwa vimekaza. Mwenye mgahawa akasaini, kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikaondoka.

Haukupita muda akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone meza zenu."

Kila palipokaa kikombe cha chai au bakuli la supu pamebaki duara jeupe. Fundi alikuwa amepaka vanishi ya nitroselulosi, ile inayozimuliwa kwa tina (thinner) na kukauka upesi. Kwa kabati la nguo haina tatizo. Kwenye meza ya chakula, joto huilainisha, unyevu unapenya, weupe unatokea. Lakini mama hakuishia hapo. Meza mbili zilikuwa nyeusi kuliko nyingine, tatu zinayumba, na vijana walioshusha mzigo hawakumwondolea meza zake kuukuu.

Bosi wetu alikuwa na jibu moja kwa yote manne: "Kwenye karatasi hayamo." Msimamo huo nauona dhaifu. ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kifungu cha 8.2.3, inataka oda ipitiwe kabla ya kukubaliwa, na mapitio hayaishii kwenye alichotamka mteja. Yanahusu pia ambacho hakukitaja lakini kinahitajika kwa matumizi yanayojulikana, pamoja na matakwa ya sheria. Juu ya karatasi ile paliandikwa "meza za mgahawa". Kwa hiyo kustahimili kikombe cha moto ni takwa, hata kama halikuandikwa, na gharama ya kurudia ni yetu.

Rangi ndiyo iliyoleta ubishi mrefu. Mninga hutofautiana, kuna wa kahawia hafifu na kuna mwekundu uliokolea wenye mistari. Rangi kulingana ni jambo ambalo mteja hulitarajia tu, na ningeliacha hapo, kama muuzaji wetu asingekuwa amemwonyesha meza ya dukani na kumwambia, "Zote zitatoka kama hii, mama." Kifungu cha 8.2.2 kinaidai karakana iweze kutimiza inachodai kuhusu bidhaa zake. Matarajio hayo tuliyapanda wenyewe, na kwa kauli ya muuzaji yakawa takwa. (Wauzaji wachache hupenda kusikia hivyo.)

Kuyumba tulikupima kwa kuziweka meza juu ya bapa lililonyooka: zilitulia. Sakafu ya mgahawa ndiyo ilikuwa na mabonde, na hakuna aliyetumwa kuikagua. Tulifunga miguu ya skrubu ya kurekebisha kimo, ingawa kwangu hilo lilikuwa la kupatana bei. Kubeba meza kuukuu hakukuahidiwa na mtu. Fundi wake wa zamani alikuwa akimfanyia bure, basi.

Marudio yalikwenda hivi: kukwangua vanishi hadi kwenye mbao, msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, kufuta vumbi, halafu vanishi ya poliyurethani, ile ya kuchanganya na kigumishi, tabaka mbili. Ukiruka 180, mikwaruzo ya 120 huonekana chini ya mng'ao. Kwanza tulipaka kipande cha majaribio, tukakiacha kikomae siku 7, ndipo tukaweka kikombe cha maji ya moto juu ya kitambaa kibichi. Hapakubaki alama. Zile mbili zilizokolea zilibadilishwa mbao za juu.

Fomu ya oda ikaongezwa maswali: meza itabeba nini, sakafu ikoje, rangi ilingane au ichanganyike, nani anashusha na anaondoka na nini. Bosi alilalamika kwamba inawachosha wateja, akafuta la sakafu.

Mama alimalizia malipo yake bila ubishi, akihesabu noti polepole. "Nzuri sasa," akasema. "Ila wasichana wangu wanasema ni nzito kusogeza wakifagia."