Tulipowaambia Wajaribu Tena

Gemu yetu ya mtandaoni ilifunguliwa kwa wachezaji saa 18:00 UTC, yaani kwa saa ya kimataifa. Ilipofika 18:04 simu yangu ilikuwa imejaa picha za skrini, zote za kisanduku kilekile cha kijivu: "Imeshindikana kuingia", na chini yake nambari ya hitilafu isiyo na maelezo. Zamu ya uhusiano wa umma usiku ule ilikuwa yangu, na taarifa ya dharura ilikwishaidhinishwa wiki nzima kabla. Nikaichapisha 18:09: "Tunafahamu kuwa baadhi yenu mnashindwa kuingia. Tafadhali jaribuni tena."

Mhandisi wa zamu akanipigia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Hayo maneno 'jaribuni tena' yametoka kwako?"

Seva za kuchezea zilikuwa nzima, tena karibu tupu. Kilichokwama ni mlango, yaani huduma inayokagua akaunti na nywila. Ombi likichelewa kupita sekunde 10, gemu ililikata na kutuma jingine papo hapo, huku seva ikiendelea kuhangaika na lile la kwanza ambalo hakuna tena aliyelisubiri. Mchezaji mmoja akawa na uzito wa watano. Kwenye grafu aliyonitumia, mstari wa maombi ulikuwa umeanza kuinama saa 18:07. Baada ya chapisho langu ukapanda wima.

Dawa yenyewe inajulikana: gemu isubiri sekunde 1 kabla ya kurudia, kisha 2, 4, 8, na kila mara iongeze muda kidogo wa kubahatisha ili wote wasirudi kwa mpigo. Lakini hilo lilihitaji sasisho la gemu. Kwa usiku ule waliweka foleni mbele ya mlango, wakaruhusu idadi maalumu kila dakika.

Nami nikaandika upya, yeye akiwa bado kwenye simu:

"18:31 UTC. Huduma ya kuingia imezidiwa. Ukiwa kwenye foleni, usitoke. Ukitoka unarudi mwisho. Usifute gemu wala kubadili nywila. Taarifa nyingine 19:00 UTC."

Kila sentensi ilikuwa na sababu yake. Wachezaji walikuwa wakishauriana kufuta gemu na kuisakinisha upya: GB 40, saa kadhaa za kupakua, kisha unarudi kwenye mlango uleule uliofungwa. Kubadili nywila kulipitia huduma ileile iliyozidiwa, kwa hiyo kulizidisha mzigo. Saa niliiweka ndani ya maandishi yenyewe kwa sababu mtu akipiga picha ya skrini na kuikata, muda wa chapisho hupotea, na taarifa ya saa moja iliyopita husambaa kama mpya. Tena kwa mfumo wa saa 24 pamoja na UTC, maana "saa mbili" ya Kiswahili siyo saa mbili ya kila mtu.

Sentensi moja niliizuia kwanza: "Akaunti zenu ziko salama." Watu waliiulizia kwa wasiwasi wa kweli, na walikuwa na haki. Mtandao wa PlayStation ulifungwa tarehe 20 Aprili 2011, na ni tarehe 26 ndipo Sony ilipowaambia wateja kuwa taarifa zao zimeibwa, akaunti zipatazo milioni 77. Ahadi ya usalama haiandikwi kwa kukisia. Nilisubiri msimamizi wa hifadhidata akague kumbukumbu za seva na anithibitishie kwa maandishi. Ikatoka saa 19:00.

Chapisho la kwanza sikulifuta, kwani picha zake zilikuwa zimeshasambaa, na kulifuta kungeonekana ni kuficha. Nililijibu chini yake: "Ushauri huu haukuwa sahihi, ufuateni wa 18:31," nikaubandika huo mpya juu. Saa 19:30 hapakuwa na jipya, nikaandika hivyohivyo: foleni bado ipo, taarifa nyingine 20:00. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo iliyoshukuriwa kuliko zote. Mtu akijua saa ya kurudi kuangalia, anaweza kwenda kula.

Foleni iliisha saa 21:52. Kabla ya kuzima kompyuta nilifungua faili la taarifa zetu za dharura, nikatafuta maneno "jaribuni tena". Kati ya taarifa 9, yalikuwemo katika 7. Nikaanza na ya kwanza.